Moto Wetu Wenyewe

Jumatano, 3 Oktoba 2001

Nimeolewa. Nimeliandika neno hilo peke yake juu ya ukurasa, nikaliangalia, nikacheka. Sasa naanza vizuri.

Daftari hili amenipa Éliakim, bwana yangu — bwana yangu! — mwalimu wa Kifaransa na littérature hapa Butembo, mwenye shingo ndefu na sauti inayofanya hata majina ya wanafunzi yasikike kama zaburi. Ni daftari jembamba, kurasa chache tu, mjini hakuna mengine. Alisema kila mtu awe na mawazo yake na ayaandike mwenyewe. Nisiandike mawazo yake yeye. Donc, haya hapa mawazo yangu mwenyewe: Éliakim ni mzuri. Éliakim akinyoa ndevu anaimba. Éliakim anakunja soksi zake kama mtu anayefunga zawadi.

Nyumba yetu ni sebule na chumba, na jiko uani lenye mafiga mapya ambayo hayajaguswa na moshi. Siruhusiwi kuyatumia bado. Katika familia ya Éliakim bibi arusi hajiwashii moto. Mama mkwe ndiye anachukua makaa kutoka jikoni kwake, anayabeba ndani ya chungu, anayaweka kati ya mafiga ya bibi arusi, na hapo ndipo nyumba inakuwa nyumba. Siku hiyohiyo anatoa mbuzi wa mwisho wa mahari kwa baba ya msichana. Mama Jokébed atakuja kutoka Musienene Jumatatu ya tarehe kumi na tano, njia ikiwa salama. Mpaka wakati huo tunaletewa chakula jioni na Rébecca, dada mkubwa wa Éliakim (yeye anamwita Yaya), anayekaa ng'ambo ya barabara. Sombe yake, majani ya muhogo ya kutwanga, ina chumvi nyingi. Mji mzima unatafuta chumvi, sijui yeye anaitoa wapi.

Jana risasi zililia upande wa milima. Éliakim alinishika mkono mpaka ziliponyamaza, na kidogo zaidi.

Ijumaa, 5 Oktoba

Leo amerudi na chaki kwenye nyusi, macho yanawaka. Amewafundisha darasa la sita transcendantalisme. (Nilimwomba aniandikie neno hilo kwenye kiganja. Sijanawa.) Ni wazo la waandishi wa Amerika wa zamani. Nilivyoelewa: ndani ya kila mtu kuna sauti, na sauti hiyo inajua kuliko umati, kuliko desturi, kuliko hata vitabu. Mtu asiige. Ajitegemee. Aende msituni asikilize miti. Na mwandishi anayeandika kama wengine, anasema Éliakim, ana kinywa cha kuazima.

Kinywa cha kuazima! Nililia kidogo.

Aliwapa wanafunzi kazi: andikeni insha ambayo hakuna mwingine duniani angeweza kuiandika. Akawapa mfano wa kuanzia, ubaoni: Mimi ni mto usiouliza njia. Darasa zima limeanza na Mimi ni mto usiouliza njia. Mmoja tu hakuandika hivyo. Hakuwa na kalamu.

Kisha Éliakim akazunguka meza ya hapa nyumbani. Kwa nini tunakula sufuria ya Rébecca? Kwa nini moto wetu utoke Musienene? Mafiga yetu hayana roho? Nikasema, kweli kabisa. Akasimama. Akasema nisiseme kweli kabisa kwa sababu yeye amesema. Kuanzia leo nisimtii mtu yeyote, hata yeye.

Nikamtii papo hapo.

Rébecca alipofika na sufuria, Éliakim alimzuia mlangoni kwa upole.

"Yaya, asante sana, mais sisi sasa ni watu binafsi."

"Batu binafsi banakula nini?"

"Tutajitegemea."

"Sawa," Rébecca alisema, akageuka. "Mimi narudia na sombe yangu binafsi."

Tumelala na njaa. Njaa ya watu wawili wanaopendana ni tamu. Tumbo lake linaimba besi, langu soprano.

Jumamosi, 6 Oktoba

Moto!

Viberiti havipatikani tangu njia ya Kasindi, mpakani, ifungwe. Éliakim alisema haidhuru, kiberiti nacho ni kuiga. Alichukua vijiti viwili vya mkaratusi, akaketi uani, akasugua. Akasugua asubuhi nzima. Nilimuuliza nipepee vijiti au nimpepee yeye. Akasema nisikilize roho yangu. Roho yangu ikasema nimpepee yeye.

Vijiti vilikuwa vibichi. Viganja vyake vikatoka malengelenge, maskini, viganja vile vyenye jina la transcendantalisme. (Alikuwa ameandika na kwake pia, tuwe sawasawa.)

Hadjara akachungulia juu ya ua wa matete. Ni jirani yetu, Mwislamu wa Beni, bibi ya Nassoro mwenye kamio, lori la kubeba magunia. Akicheka anacheka na mabega.

"Bibi arusi, bwana yako anatengeneza nini? Kiti?"

"Moto," nikasema.

Akaviangalia vijiti kwa heshima. Halafu: "Mimi niko nao hapa mwingi. Nilete?"

Nilimwangalia Éliakim. Alifikiri muda mrefu, vijiti mkononi. Mwishowe akasema kaa la moto halina bwana. Mti ulitoa kuni, kuni zikatoa kaa, jirani ni njia tu ambayo kaa linapitia. Mtu huru anaweza kupokea kaa, ilimradi aamue mwenyewe kulipokea. Basi akaamua mwenyewe. Hadjara akaleta makaa kwenye kipande cha bati, akayaweka kati ya mafiga, akapanga kuni maana sisi tulizipanga kama vitabu, akapuliza. Ukashika.

"Haya, watu huru," akasema. "Mupike."

Moto wetu wenyewe. Nimepika maharagi. Chini yaliungua, juu yalibaki mabichi, lakini katikati palikuwa na tabaka moja zuri sana. Tulilila na kijiko kimoja.

Jumapili, 7 Oktoba

Baada ya ibada Rébecca aliingia uani bila kubisha. Akaona masizi kwenye mafiga. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nani alibawashia?"

Éliakim akasema, sisi wenyewe. Rébecca akanigeukia mimi.

"Na wewe unajua maana yake?"

Nikasema, uhuru.

"Kwetu," Rébecca alisema, "nyumba inawashiwa na mutu mwingine kama mama amekufa. Njo maana yake. Éli, umemuzika mama, na yeye iko nalima viazi kule Musienene."

Akaenda. Hakukaa hata kwenye kiti.

Éliakim alisema mtu mwenye sauti yake lazima asieleweke. Nikaona fahari kuolewa na mtu asiyeeleweka. Lakini jioni nikikoroga uji nilimfikiria Mama Jokébed, jinsi alivyonishika uso siku ya harusi kwa mikono yake yenye nyufa za udongo, akasema mbele ya watu wote, huyu ni wangu. Hakusema wa Éliakim. Wangu.

Uji umeshika chini.

Jumanne, 9 Oktoba

Éliakim ameenda Beni. Walimu wa kule wamesikia habari za somo lake, wakamwita alisome mbele yao. Ameliandika upya kwa mwandiko mzuri, pande zote mbili, akamaliza karatasi za nyumbani. Kuna aya nzuri sana juu ya moto: Niliuwasha kwa mikono yangu. Hadjara hayumo kwenye aya hiyo. Nilimuuliza. Alisema yumo kiroho.

Nassoro alimpa nafasi kwenye kamio. Akakataa. Atatembea, kama waandishi wale waliotembea msituni.

"Mwalimu," Nassoro alisema, "misitu ya huku iko na batu ndani."

Éliakim akaaga, akaenda. Nassoro hakubishana. Alimaliza chai yake, akapakia magunia, akaondoka, na (Hadjara ndiye ameniambia) alimkuta nyuma ya kilima cha kwanza, ameketi juu ya jiwe, kiatu kimoja mkononi, anasikiliza miti. Akapanda kamio. Lakini kwa uamuzi wake mwenyewe.

Nyumba bila yeye ni kama redio bila betri.

Na sasa habari mbaya. Rébecca amekuja, amesimama mlangoni kama mtu wa posta. Wanawake wanaoshusha viazi sokoni walifikisha habari Musienene na wameleta jibu. Mama Jokébed anasema: kama wako na moto wao, wangu watafanya nao nini? Haji. Mbuzi anabaki kwenye kamba yake.

Na si hivyo tu. Baba yangu, Papa Malachie, amesikia kule Masereka. Jumatatu anakuja Butembo kupokea mbuzi wake kama walivyopatana. Asipoona moshi wa Mama Jokébed na asipoona mbuzi, ananirudisha nyumbani mpaka mambo yakamilike. Hana hasira, anasema Rébecca. Anasema tu kwamba msichana ambaye mahari yake haijaisha ni wa kuazima, na kitu cha kuazima kinarudishwa.

Kuazima! Mimi!

Naangalia soksi za Éliakim kwenye kamba. Masereka hakuna mtu anayeimba akinyoa ndevu.

Alhamisi, 11 Oktoba

Amerudi! Ana vumbi mpaka kwenye kope na amependeza zaidi kuliko alipoondoka, sikujua kama inawezekana.

Beni ilikuwa ushindi. Walimu wote walisimama. Waliinua mikono pamoja na kukubaliana kwa sauti moja kwamba kuanzia sasa hakuna mwalimu wa Beni atakayefuata mwingine. Kisha wakaimba kwaya. Sasa wanataka somo lichapwe kwa stensili ligawiwe kila mahali. Nassoro atalipeleka safari yake ijayo. Hakuna nakala nyingine.

Kwenye bariera, pale askari wanapofunga barabara, walimuuliza karatasi hizo ni za nini. Akasema, ni uhuru wa nafsi. Walimshusha, wakamkalisha pembeni juani. Nassoro ndiye aliyewaelezea kwamba huyu ni mutu wa shule, bamusamehe.

Nilimwacha ale. Kisha nikamwambia yote: mama yake, mbuzi, papa. Kijiko kikasimama hewani. Akasema mama ataelewa siku moja. Nikasema, papa anaelewa Jumatatu. Akaweka kijiko chini, akaweka mkono kifuani, akasema kwa sauti ile ya zaburi kwamba kama roho yangu inaniambia nibaki, nibaki, na kama inaniambia niende Masereka, niende, kwa kuwa yeye hawezi kuwa bwana wa roho yangu.

Alilisema vizuri sana. Na kwa mara ya kwanza tangu harusi nilitaka kumpiga na mwiko.

Nikasema, "Éli, roho yangu inakutaka wewe na mama na mbuzi."

"Hayo ni mambo matatu."

"Roho yangu ni kubwa."

Ni ugomvi wetu wa kwanza. Nimeuchorea ua pembeni ya ukurasa ili tukiwa wazee tuuone kwa urahisi.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimefanya kitu.

Sokoni nilimkuta Mama Providence wa Musienene, anauza viazi, anasali kanisa moja na Mama Jokébed. Nikanunua viazi ambavyo sivihitaji. Nikasema:

"Mumwambie mama aje Jumatatu na chungu chake. Kwetu hakuna moto."

Mama Providence alininusa. Kweli, aliinama akanusa kitenge changu.

"Hakuna? Na hii moshi ninayosikia?"

"Akifika hautakuwapo."

"Mwalimu anajua?"

"Hapana."

Alicheka mpaka viazi vikaanguka kwenye matope, nikamsaidia kuviokota. Akaniongezea viwili.

Sijamwambia Éliakim. Nilianza mara nyingi. Akinyoa — alikuwa anaimba. Akisoma somo lake tena — midomo yake ilikuwa inacheza, sikuweza kuikatiza. Halafu nikakumbuka amenikataza kumtii. Donc hata akikataa, itabidi nikatae kukataa kwake. Kumbe ni rahisi.

Nimepika ndizi. Zimeiva zote, juu na chini.

Jumatatu, 15 Oktoba

Naandika vipande vipande, ndani ya jalada la nyuma. Kurasa zimeisha.

Asubuhi. Shule imefungwa leo kwa sababu askari wanapita barabarani, kwa hiyo Éliakim alikuwa nyumbani, ananyoa. Nikachukua ndoo, nikamwaga maji juu ya moto. Nilitaka kumwaga nusu, lakini mkono ulikwenda wenyewe. Moshi mweupe ukapanda mpaka kwa Hadjara. Éliakim alitoka mbio, sabuni kwenye shavu moja.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu."

"Hadjara?"

"Hapana."

"Yaya Rébecca?"

"Hapana."

"Au mimi nilisema bila kujua?"

"Hapana, Éli."

Alisimama pale, sabuni inakauka. "Hilo ndilo somo," alisema polepole, na hakufurahi hata kidogo. Alirudi ndani. Hakuimba tena, wala hakunyoa upande wa pili wa ndevu.

Sasa papa amefika. Yuko kwa Rébecca, anakunywa chai mbele ya nyumba. Ameweka kiti mahali anapoliona paa la jiko letu. Nilikwenda kumsalimia. Aliniuliza kama nakula vizuri. Nikasema ndiyo. Akaniangalia mashavu, akaangalia paa, akarudi kwenye chai.

Mama Jokébed amekuja! Chungu kichwani, mbuzi nyuma kwenye kamba. Jasho lote la njia ya Musienene liko usoni. Hakunisalimia kwanza, aliteremsha chungu na kuanza kulalamika juu ya bariera. Askari mmoja alimuuliza kwa Lingala, "Mama, nini eza na nzungu?" Akamjibu, ni moto ndani ya chungu. Wakaruka nyuma wote na bunduki zao. Akafunua awaonyeshe. Basi wakarudi mmoja mmoja, kila mmoja na sigara yake, wakaita na wenzao waliokuwa mtoni.

"Bamevuta moto ya bibi ya mutoto wangu," alisema mama. "Na mimi nasimama tu naangalia. Chungu wazi, upepo unaingia."

Kisha akaingia jikoni. Akachovya kidole kati ya mafiga.

"Majivu iko na maji."

"Ndiyo, mama."

"Nani alimwanga maji?"

"Mimi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mtu."

Aliniangalia. Akamwangalia mwanawe, aliyekuwa mlangoni na ndevu za upande mmoja. "Kumbe mumoja ndani ya hii nyumba iko na akili yake," alisema. Halafu, kwa Kinande, polepole, wasingya, kunishukuru, akafunga kitenge vizuri na kupiga magoti mbele ya mafiga.

Ndani ya chungu limebaki kaa moja hai. Dogo kama haragi. Kuni ni mbichi, mafiga yamelowa, na hilo la mafiga ni kosa la ndoo yangu. Tumepuliza wote watatu. Éliakim alipiga magoti bila kuombwa, akapuliza kwa nguvu zote, karibu aliue. Mama akamsukuma kichwa:

"Puliza kama mutu. Hapana kama hotuba."

Nikacheka. Nimefukuzwa uani nikatafute karatasi kavu ya kushikisha moto, haraka.

Karatasi kavu. Nyumba hii ina za aina mbili: somo la Éliakim na daftari hili.

Éliakim amenifuata, somo lake amelikumbatia kifuani. Anatafuta ukurasa usio na jambo muhimu. Anageuza. Anageuza tena. Anasema kote kuna mambo muhimu. Mimi natafuta wa kwangu. Ule wa soksi? Hapana. Wa maharagi? Kamwe. Wa ugomvi una ua.

"Chagua wewe," anasema.

"Siwezi kukuchagulia. Ni nafsi yako."

"Basi chagua ya kwako."

"Subiri, naandika."

Ng'ambo ya barabara papa ameweka kikombe chini. Amesimama, anaangalia paa letu lisilo na moshi. Mbuzi anatuangalia sisi.

"Batoto," mama anaita, "kaa inakufa."

Éliakim anakubali kwa kichwa. Mimi nakubali kwa kichwa. Tuko huru kabisa, kila mmoja na karatasi yake kifuani, na kule jikoni mama anapuliza peke yake, anakohoa, anapuliza tena —